Baada ya malaria, rudi uwanjani polepole

[Muziki wa kipindi. Unapanda, kisha unashuka.]

 

Leo nazungumza na wewe uliyetoka kitandani juzi. Homa imeshuka, na viatu vya mpira unaviangalia pale chini ya kitanda. Nazungumza pia na wewe mama, ambaye zoezi lako la kila siku ni dumu la lita 20 kichwani.

Kwanza, dawa. Ile dawa mseto tunayopewa kituoni ni ya siku tatu, asubuhi na jioni. Kwa mtu mzima ni vidonge vinne kila mara, jumla 24. Homa ikiondoka siku ya pili, usiache. Meza vyote, pamoja na chakula. Siku hizo tatu ni za kupumzika.

Sasa utauliza: nimemaliza dawa, mbona miguu bado mizito? Ni kwa sababu vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba hewa unayovuta na kuipeleka kwenye misuli. Vidonge huua vimelea, lakini havirudishi damu. Damu mwili unaitengeneza wenyewe, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa.

Mdogo wangu alimaliza dawa Jumatano. Jumamosi timu yake ilikuwa na mechi, na wenzake wakamwambia malaria si ugonjwa wa kumlaza mwanaume. Kipindi cha pili alikaa chini katikati ya uwanja, macho yakaingia giza. Tulimpakia kwenye baiskeli hadi kituoni, na kipimo kikaonyesha damu iko chini. Mechi aliyoiona kubwa ilimkosesha mechi zote za mwezi ule.

[Muziki mfupi.]

Kuna jambo jingine ambalo wachezaji wengi hawalijui. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna kiungo kinaitwa bandama. Malaria inaweza kukivimbisha. Bandama iliyovimba ikipigwa kiwiko au goti inaweza kupasuka, na damu ikavujia tumboni. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea inaua. Kwa hiyo hata kama pumzi imerudi, mpira wa kugongana usubiri. Ukisikia maumivu upande huo, nenda ukapimwe.

Basi urudi vipi? Wiki ya kwanza baada ya dawa, tembea tu. Dakika 10 au 15, njia isiyo na mlima, jua likiwa limepoa. Tembea na rafiki mkiongea. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo. Wiki ya pili, fikisha nusu saa, nyoosha viungo, na kimbia taratibu kidogo katikati ya kutembea. Wiki ya tatu, ukiwa huna kizunguzungu, fanya nusu ya mazoezi ya timu. Kesho yake ukiamka umechoka kuliko jana, rudi hatua moja nyuma. Kila mwili una mwendo wake.

Mama, najua maji hayasubiri wiki tatu. Lakini lita 10 mara mbili ni afadhali kuliko lita 20 mara moja. Na ninyi watoto wakubwa, na wewe baba, dumu halichagui kichwa. Mpokeeni.

Chakula nacho kinasaidia. Najua mgao ni mdogo. Maharage na sombe vinasaidia kuongeza damu. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya kutengeneza damu. Inywe baadaye.

Acha mazoezi na uende kituoni ukiona haya: homa imerudi, kifua kinauma, moyo unakimbia hata umekaa, unahema bila kazi, au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Na kama ulilazwa kwa malaria kali, uliongezewa damu, una ujauzito au una selimundu, muulize kwanza mganga kituoni kabla ya kuanza mazoezi.

Nimalizie na ninyi makocha na manahodha. Mchezaji akisema bado hana nguvu, msimwite mvivu. Mpeni kazi ya kuhesabu muda au kuokota mipira, awe karibu na wenzake huku damu inarudi. Mtu akipewa nafasi ya kupona, timu inampata mzima.

Wahenga walisema, polepole ndio mwendo. Nalalieni ndani ya chandarua usiku huu, ninyi na watoto. 

[Muziki wa kufunga.]