Kushua Chombo na Makosa Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wavuvi)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kushua chombo. Huenda mtu akasema, "Jambo hili lina elimu gani? Watoto wetu hulijua kabla ya kujua alifu." Ni kweli, na ubaya wake u hapo hapo. Jambo lijulikanalo na wote, kila mmoja hudhani mwenziwe amelikumbuka.

Tuanze na kizibo. Mashua ikipandishwa pwani, kizibo cha tundu la chini hutolewa ili maji ya ngama yapate kutoka. Siku ya kushua, watu ishirini huja kusukuma, nyimbo huimbwa, mashua huteremka juu ya magogo kwa shangwe, wala hapana aliyekumbuka ya kuwa kizibo kimo mfukoni mwa kanzu ya nahodha, na kanzu imetundikwa nyumbani. Haupiti muda, maji yamefika vifundoni. Huyu atafuta kata ya kufutia maji, yule aziba tundu kwa kisigino, na nahodha yuaenda mbio mjini, watoto nyuma yake. Watu wote hucheka. Lakini hebu tufanye hesabu. Debe moja la maji lina uzito wa ratli 40 hivi. Yakiingia madebe 20, ni ratli 800, sawa na watu wazima 5 waliopanda bila ya nauli. Tena abiria hawa hawatulii mahali pamoja: chombo kikilala upande, wote hukimbilia upande ule ule.

La pili ni kamba. Wako watu waliovuta makasia gizani kabla ya alfajiri, jasho likiwatoka, wakiulaumu mkondo wa maji, na kumbe kamba ya tezi ingali imefungwa kwenye mti. Hao hawakupata hasara ila ya kuchekwa. Lakini yuko na yule atupaye nanga kwa nguvu, akaitazama kamba yake ikiteremka yote mpaka ncha ya mwisho ikapita mbele ya macho yake, kwa maana haikufungwa chomboni. Nanga hiyo imekwenda. Likitokea jambo hili mbele ya mwamba, na upepo wasukuma kuelekea mwambani, hapatakuwa na wa kucheka.

La tatu ni maji kupwa. Twajua ya kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Maji yaliyojaa leo saa 12 asubuhi, kesho yatajaa karibu ya saa 1 kasoro dakika 10. Wakati wa bamvua, katika pwani ya Unguja na Dar es Salaam, maji hupanda na kushuka futi 10 na zaidi. Saa ya kwanza baada ya kujaa, maji hupwa polepole sana, na polepole hiyo ndiyo idanganyayo watu. Huyu arudi kuchukua tumbaku, yule aaga mara ya pili, mwingine agombana juu ya mahali pa kuweka kapu lake. Kisha saa ya pili na ya tatu maji huondoka kwa haraka, na mashua iliyosheheni mizigo imekaa juu ya mchanga kama kuku juu ya mayai. Hapo hapana dawa ila kungoja maji yarudi. Asiyetaka kungoja husukuma kwa nguvu mpaka mkuku ukaumia.

La nne ni mbao kavu. Chombo kilichokaa juani miezi mingi, mbao zake hunywea, na nyufa huonekana baina ya ubao na ubao. Asiyejua huingiwa na hofu, akashindilia pamba ya kalafati kwa nyundo kila mahali, hata pasipokuwa na nafasi. Chombo kikiingia majini mbao huvimba, zikakosa mahali pa kwenda, zikasukumana, na misumari ikalegea. Afadhali kukagua kalafati kwa utaratibu, kisha kukiacha chombo karibu ya pwani, majini, mpaka mbao zimekunywa maji na kubanana, na wakati huo mtu akae akifuta maji.

La tano ni vitu vinavyoachwa nyumbani: usukani uliofichwa mvunguni kwa kuogopa wezi, makasia, kata, maji ya kunywa. Na hapa, ndugu zangu, kicheko hukoma. Asubuhi upepo wa umande hutoka bara kwenda baharini. Chombo kilichoshuliwa na umande huenda vizuri kwa tanga, na wala hapana atakayeyauliza makasia. Upepo ukikatika, au tanga likipasuka, ndipo makasia hutafutwa, na pwani imekwisha kuwa mbali. Wanaongojea nyumbani hawajui la kufanya ila kutazama bahari.

Basi sababu ya makosa haya ni nini? Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Penye kelele za watu ishirini, amri haisikiki. Lakini iko sababu ya pili iliyo mbaya zaidi, nayo ni haya ya kusema. Nitatoa mfano wa nchi ya Uswidi. Mwaka 1628 mfalme wa nchi ile, Gustavus Adolphus, alikuwa na manowari mpya iliyoitwa Vasa, yenye mizinga 64. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo, akihimiza manowari hiyo itoke upesi. Kabla ya kutoka ilijaribiwa: watu 30 walipiga mbio kutoka upande mmoja wa sitaha hata upande wa pili, na baada ya mara tatu wakazuiwa, kwa jinsi manowari ilivyoyumba. Wakubwa waliona, wakanyamaza. Tarehe 10 Agosti ilitoka bandarini Stockholm, madirisha ya mizinga yakiwa wazi. Ilikuwa haijamaliza hata maili moja, upepo ukailaza, maji yakaingia madirishani, ikazama mbele ya watu waliokuja kuitazama. Watu kama 30 walikufa. Baraza lilifanywa, wakaulizwa wengi, asipatikane wa kuadhibiwa. Manowari ilikaa chini ya maji mpaka mwaka 1961 ilipoinuliwa.

Kama katika chombo cha mfalme watu waliona ubaya wakanyamaza, itakuwaje katika mashua zetu, ambamo kijana akiuliza, "Kizibo kimetiwa?" huambiwa, "Nyamaza, wewe umezaliwa jana"?

Kwa hiyo yafaa tushike mambo matatu. Kwanza, siku ya kushua awepo mtu mmoja tu wa kuamrisha, na wengine wote wamfuate, hata wakiwa wakubwa wake kwa umri. Pili, kabla ya chombo kuelea, mtu huyo avitaje vitu kwa sauti, kimoja kimoja: kizibo, usukani, makasia, tanga, nanga na kamba yake, kata, maji ya kunywa. Kila kimoja kiitikiwe na yule aliyekishika kwa mkono wake, wala asijibu mtu kwa kudhani. Tatu, aliye mdogo kuliko wote apewe ruhusa ya kuuliza, na akiuliza asikemewe. Aliyesahau naye tumcheke kidogo, kisha tumsaidie. Kwani anayeogopa kuchekwa ataficha kosa lake, na kosa lililofichwa pwani hufichuka baharini.

Na ninyi wa bara wenye mitumbwi ya mito na maziwa, msidhani maneno haya ni ya watu wa maji ya chumvi peke yao. Ziwa nalo lina upepo wake, na tundu la mtumbwi haliulizi kama maji ni matamu.