Mizani Isishikwe na Muuzaji



Ada ya mihadhara ya namna hii ni msemaji kuanza kwa kujishusha na kudai kwamba hastahili mimbari aliyopewa. Mimi nitaomba ruhusa niivuke ada hiyo, kwa kuwa jambo nililolichukua ni refu na saa ya ukutani hainisubiri. Nataka kusema mintarafu ya chumba kimoja jijini Nairobi, na swichi iliyowekwa ndani yake, na ugomvi uliozuka kwa sababu yake katika siku za mwisho za mwaka 2000, maana katika ugomvi ule mna elimu ambayo sijaikuta katika vitabu vya ufundi ninavyovifundisha.

Hali kabla ya chumba kile ilikuwa hivi. Watoa huduma za intaneti nchini Kenya, kila mmoja na wateja wake na mitambo yake, hawakuwa na mahali pa kukutana wao kwa wao ndani ya nchi; kila kampuni ilikodi njia yake ya kutokea nje, na njia hizo zilipita kwa setilaiti, hata mtu aliyekaa Westlands akimwandikia barua pepe mwenziwe wa Eneo la Viwanda, ikiwa wawili hao ni wateja wa kampuni mbalimbali, barua ile ilipanda angani, ikateremka Ulaya au Marekani, ikapokewa na kukabidhiwa huko na watu ambao pengine hawajui Nairobi iko upande gani wa dunia, kisha ikapanda tena na kuteremka ilikotoka. Setilaiti za aina ile hukaa juu ya ikweta kwa umbali wa takriban kilomita 36,000. Basi na tupige hesabu pamoja: kupanda na kushuka mara moja ni kilomita 72,000; barua ipandayo na kushuka mara mbili kabla ya kufika imesafiri 144,000; na jibu lirudipo kwa njia ile ile, jumla ni 288,000, yaani kuizunguka dunia yetu mara saba na ushei. Hata nuru, ambayo hakuna kiumbe kiipitacho kwa mbio, huhitaji karibu sekunde nzima kuimaliza safari hiyo. Na mitambo ya njiani nayo ilipoongeza ukawaji wake, vipimo vya siku zile vilionyesha kati ya milisekunde 1,200 na 2,000.

Tena msidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya nadra. Katika mzigo wote uliokuwa ukipelekwa nje kwa njia hizo za kukodi, takriban asilimia 30 ulikuwa ni mzigo wa Wakenya wakiandikiana na Wakenya, ukitozwa ujira kwa dola wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, mithili ya mvuvi wa Shimoni ambaye hana budi kumpitisha samaki wake Bombay kabla ya kumuuzia jirani wa nyumba ya pili.

Dawa yake, kwa mafundi, haikuwa siri. Johannesburg ilikuwa imeijaribu tangu mwaka 1996, na London kabla yake. Huwekwa swichi mahali pamoja. Kila mtoa huduma huleta waya wake na ruta yake. Na ruta hizo huambizana, kwa itifaki maalumu, kwamba anwani fulani na fulani ziko kwangu, mwenye mzigo wake na anikabidhi hapa hapa. Gharama za chombo chenyewe ni chache ukizilinganisha na ankra ya mwezi mmoja ya setilaiti. Watoa huduma wa Kenya, waliokwisha kujikusanya katika chama chao cha TESPOK, wakakiwasha kituo chao, kiitwacho KIXP, mwishoni mwa Novemba 2000. Na muda wa safari ya kwenda na kurudi ukaanguka hadi milisekunde 60 au 80.

Wiki mbili hazikupita, kikafungwa.

Kampuni ya Telkom Kenya, ambayo kwa sheria ya wakati ule ilikuwa na haki ya pekee ya kuchukua mawasiliano ya kwenda nje ya nchi, ilipeleka mashtaka kwa Tume ya Mawasiliano, ikidai kwamba kituo kile kinaivunja haki hiyo. Na Tume ikakubali, ikaamuru kizimwe. Hoja hiyo yataka kutazamwa mara mbili. Kituo kilichoanzishwa ili mzigo wa nyumbani usitoke nyumbani kilishtakiwa kwa kosa la kuingilia biashara ya kutoka nje! Walakini nisiwe mwenye kudhulumu: shirika lililozoea kupokea ujira wa njia za nje, likiona theluthi ya mzigo wake karibu itatoweka, halikosi kuingiwa na hofu, na hofu ikikutana na wanasheria huvaa joho na kuitwa hoja. Watoa huduma nao wakajibu kwamba watu walioafikiana kuunganisha mitambo yao kwa matumizi yao wenyewe wanaruhusiwa na sheria ile ile, wakakata rufaa, wakazungumza na magazeti, wakabisha kila mlango. Ikawa karibu mwaka mzima wa kuvutana, hata Novemba 2001 Tume ikageuka na kutoa leseni, na tarehe 14 Februari 2002 swichi ikawashwa kwa mara ya pili. Baadaye Telkom yenyewe ikaja kuleta waya wake.

Kwa nini ikaja? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wahenga walisema mwamba ngozi huvuta kwake, na lau swichi ile ingalikuwa mali ya mmoja wa washindani, wengine wasingalithubutu kuweka mizigo yao mikononi mwake, maadam mwenye chumba huweza kumcheleweshea adui yake fundi mlangoni, au kumpandishia kodi msimu wa neema, au kuchungulia ni nani anayekua na ni nani anayedhoofika. Katika masoko yetu ya pwani mnada wa samaki haumalizi siku mbili za amani ikiwa mizani inashikwa na mmoja wa wauzaji, hata awe mcha Mungu wa namna gani. KIXP ilikuwa ya chama, bila kugawana faida. Na kituo cha namna hiyo hutoza kwa mlango wa swichi, bila kupima nini kimepita ndani yake, wala hakiwauzii watu intaneti, ili asiwepo mwanachama atakayekiona kuwa mshindani wake. Sharti hili la mwisho aghalabu husahauliwa na serikali zinazotaka kujenga vituo vya taifa kwa amri na kukata utepe. Neno taifa huwavutia, wakaweka swichi ndani ya jengo la shirika lao la simu, kisha wakastaajabu kwamba milango haijai.

Faida zilizofuata zimeandikwa sana, nami nitazigusa tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kituo kiliwaokolea watoa huduma karibu dola milioni 1.5 kila mwaka. Na kufikia mwaka 2020 sehemu ya mzigo unaopatikana ndani ya nchi ilikadiriwa kupanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Kinshasa zina vituo vyao.

Lakini ipo kasoro, nami sipendi kuifunika. Katika mzigo huo uliorudi nyumbani, sehemu kubwa imetoka katika akiba za makampuni makubwa ya kigeni, yaliyosogeza ghala zao karibu nasi kwa maslahi yao. Ilhali tovuti nyingi zetu wenyewe zimepangishwa ng'ambo kwa kuwa huko ni rahisi. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika kwa pamoja, tuliona ni vipi kati ya vitu tunavyoviita vyetu vilivyokuwa kwetu kweli. Swichi haiwezi kubadilishana kitu ambacho hakijaletwa.

Na mfano sitauchukua mbali. Ukurasa wa maktaba ya chuo hiki, wenye orodha ya vitabu vyetu na tasnifu zetu, umehifadhiwa katika kompyuta iliyoko Ulaya; mwanafunzi aliyeketi barazani, hatua hamsini kutoka mlango wa maktaba, akitaka kujua kama kitabu kipo rafuni, swali lake huvuka bahari mbili ndipo limrudie. Nimekwisha kumwandikia Mkutubi Mkuu barua tatu juu ya jambo hili, kwa adabu zote zipasazo. Nangoja jibu lake, na kama macho hayanidanganyi, ameketi safu ya pili.