Uvimbe wa Taya kwa Watoto



Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mdogo aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Alishangaa, maana jipu la jino huvimbisha upande mmoja tu. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto wa pili, naye ana mavimbe tumboni pia. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda motokaa, wakasafiri maili 10,000 kutoka Uganda, wakapita Tanganyika hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: Je, uvimbe huu mnauona? Wakatambua kwamba ni mwingi penye joto na mvua, nao ni haba penye baridi ya milimani. Hapo penye joto na mvua ndipo penye malaria nyingi.

Sasa andikeni neno hili daftarini: JENI. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Ndani ya chembe mna nyuzi 46, na juu yake zimepangwa jeni, yaani amri za kazi ya mwili. Jeni moja huitwa MYC, nayo imo katika uzi namba 8. Kazi yake ni kama ya kirangozi wa misafara ya zamani iliyotoka Tabora kwenda pwani. Kirangozi akipiga ngoma, wapagazi hujitwika mizigo, akinyamaza, hutua. MYC ikiamuru, chembe hugawanyika. Ikinyamaza, chembe hupumzika.

Ziko chembe za damu zinazotengeneza silaha za kupigana na vijidudu. Amri za silaha hizo zimo katika uzi namba 14, na huko ngoma hailali. Ili kubadili silaha, chembe hizi hukata nyuzi zao na kuziunga tena. Mtoto akipatwa na malaria mara kwa mara, kazi hiyo huzidi, na siku moja huungwa vibaya: kipande cha namba 8 chenye MYC hushikamana na namba 14. Basi MYC haipumziki tena. Uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Tena, mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizoletwa kwa ndege kutoka Uganda. Karibu sote tunacho kirusi hicho bila kuugua, lakini huzisaidia chembe zilizoharibika zisife.

Mzazi atauliza: kosa hili latoka ukoo wa nani? Halitoki ukoo wowote. Huzuka katika chembe moja, mtoto akiisha kuzaliwa. Hapana sababu ya kumlaumu mama wala kumtafuta mchawi, na uvimbe wenyewe hauambukizi.

Kansa kali za ubongo nazo huanza kwa jeni kuharibika, ingawa si jeni zile zile. Katika glioblastoma, mara nyingi uzi namba 7, wenye amri ya kukua, umezidi, na namba 10, wenye amri ya kuzuia, umepungua. Hiyo ni ngumu mno kuponya. Uvimbe wa Burkitt una nafuu moja: chembe zigawanyikazo upesi hushikwa upesi na dawa.

Mwangalie mtoto. Meno yakilegea bila sababu, taya au tumbo likivimba kwa siku chache, jicho likitoka nje, au miguu ikikosa nguvu ghafula, usingoje uuze tumbaku. Nenda hospitali Sikonge, useme uvimbe ulianza siku gani. Yawezekana mtoto apelekwe Kitete, Tabora, au Bugando, Mwanza, ambako watoto wenye kansa hutibiwa. Watakata kipande kidogo wakipime. Dawa hupigwa kwa sindano, mzunguko baada ya mzunguko. Nyingine hutiwa kwenye uti wa mgongo, maana chembe hizi hujificha katika maji ya ubongo.

Baada ya sindano za kwanza uvimbe waweza kutoweka, mtoto akala ugali na kucheza. Hapo mzazi hutamani kufunga mizigo. Msirudi bado: chembe chache zilizobaki zaweza kuanza upya, na safari hiyo huenda dawa zisizishinde. Muulize daktari tarehe ya sindano ijayo, uiandike kwa mkono wako.