Pima Mbao Kabla ya Kupigilia Misumari



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kusimamia majengo ya Serikali. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, hapa hapa Majengo, nilipokea mbao za kenchi za darasa bila kuzipima. Ilikuwa Oktoba, mvua za Novemba zinabisha hodi, nami nikatia sahihi. Kufika Julai iliyofuata upepo mkavu wa Ufipa ulikuwa umezikausha zikiwa juu. Zikapinda, misumari ikalegea, mabati yakaachama. Watoto wakahamia chini ya mti.

Ndugu zanguni, unyevu wa mbao ni uzito wa maji yaliyomo ukigawanywa kwa uzito wa mbao kavu. Kipande cha gramu 650 kikikaushwa katika joto la sentigredi 103 kikabaki gramu 500, unyevu wake ulikuwa asilimia 30. Kuanzia kiasi hicho kushuka, mbao hunywea na kupinda. Ikibaki juu ya asilimia 20, kuvu hupata makao.

Siku hizi viko vihisi visivyo na waya. Pini mbili hupigiliwa ndani ya mbao na umeme mdogo hupitishwa kati yake. Kadiri mbao inavyokauka ndivyo umeme unavyopita kwa shida. Kifaa hupeleka hesabu hiyo kwa redio, hata boriti ikiwa imefichwa juu ya dari. Norwei na Uswisi wameweka vihisi vya unyevu katika madaraja ya mbao. Lakini hesabu yake lazima irekebishwe kufuatana na aina ya mti, joto, na dawa iliyotiwa.

Je, sisi tusio navyo tukae tu? Hasha! Panga mbao kivulini, zitenganishe kwa vijiti upepo upite. Chagua ubao mmoja wa katikati ya tita, upime kwenye mizani kila wiki, uandike daftarini. Uzito usiposhuka tena, ndipo umwite fundi.

Vijana, hesabu hii nilifundishwa nikiwa kidato cha pili. Niliijua, sikuitumia. Darasa lile lilipoezekwa upya, nilisimama pale na mizani na daftari, na fundi akangoja.