Hotuba ya Ijumaa: Bei ya Baiskeli Kuukuu na Amana ya Muuzaji

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuhalalishia biashara na akatuharimishia riba. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeitwa Mwaminifu hata kabla ya kupewa utume, na ziwashukie Aali zake na Maswahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, mlio misikitini na mlio majumbani mkitusikiliza, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, katika sala zetu na katika mauzo yetu.

Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo. Ni bei zinazotajwa na watu wanaouza baiskeli zilizokwisha tumika. Zamani mwenye baiskeli aliiegemeza ukutani penye baraza, wapita njia wakaitazama, wakaijaribu, wakapatana. Siku hizi hupigwa picha, picha ikatumwa kwa simu na kuenezwa katika mitandao, na chini yake ikaandikwa bei. Bei hiyo mara nyingi hustaajabisha. Baiskeli imetumika miaka minane, cheni imelegea, ringi zimeliwa na chumvi ya bahari, na mwenyewe anaitaka thamani iliyo sawa na ya mpya dukani, au inayokaribia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika pwani yetu hii ya Kilwa na Lindi baiskeli si pambo. Mchuuzi wa samaki wa Somanga au wa Kivinje hufunga tenga lake kwenye keria alfajiri, akaenda vijiji vya bara kabla jua halijapanda, kwa kuwa samaki hawamngoji mtu. Wengine hubebea nazi, mihogo na madumu ya maji. Mtoto anayekaa mbali na shule huipanda akawahi darasani. Kwa hiyo anayetafuta baiskeli kuukuu kwa kawaida ni mtu asiyeweza kununua mpya, na chombo anachokitafuta ndicho kitakachomlisha. Hapo ndipo bei inapokuwa jambo la dini.

Hatusemi kwamba faida ina mpaka uliowekwa na sheria. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, naye alikataa, akaeleza kwamba mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba alitaraji kukutana na Mola wake hali hakuna mtu anayemdai dhuluma ya damu wala ya mali. Naye Sahaba Urwa Al-Bariqi alipewa dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Mtume hakumlaumu, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Na madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu katika pwani hii, hayavunji mauzo kwa sababu ya ukubwa wa bei peke yake, pakiwa hapana udanganyifu.

Lakini ndugu zetu, kusalimika kwa mauzo ni jambo moja, na kusalimika kwa moyo wa muuzaji ni jambo jingine. Tutazame basi bei hizi hutoka wapi.

Kwanza, hutoka katika mapenzi. Mtu huikumbuka baiskeli yake siku ile ilipokuwa inang'aa, naye huuza kumbukumbu zake pamoja na chuma. Mnunuzi hanunui kumbukumbu.

Pili, hutoka katika hesabu mbovu. Tuseme mtu alinunua baiskeli kwa shilingi 200,000, na kwa miaka mitano akatumia shilingi 80,000 kwa matairi, mipira, gololi na pedeli. Leo anataka 280,000! Amesahau kwamba matengenezo yale yalikuwa malipo ya safari alizokwisha kwenda, na kwamba matairi yale yamelika kwa matumizi yake mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi siku hizi, hutoka katika kuigana. Muuzaji hufungua simu, akaona mwingine ameandika 250,000, naye akaandika 250,000. Wa tatu akawaona wawili, akaongeza. Hakuna aliyeuliza kama yule wa kwanza aliuza. Bei iliyoandikwa si bei iliyolipwa. Huenda baiskeli ile ingali imeegemea ukuta ule ule, na soko zima linafuata bei ambayo hapana mtu aliyeitoa.

Nne, hutoka katika hila. Wako wanaomwomba rafiki ajifanye mnunuzi, aandike kwamba yuko tayari kutoa kadha wa kadha, ili mgeni aharakishe. Hii ndiyo najshi aliyoikataza Mtume wetu, na kuifanya kwa simu hakubadilishi hukumu yake. Wako pia wanaopaka rangi mpya juu ya fremu iliyovunjika na kuchomelewa. Mtume aliingiza mkono katika fungu la nafaka sokoni akakuta ndani mna maji. Mwenyewe akasema limenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuliweka juu lile lililorowa ili watu walione, na akafahamishwa kwamba mdanganyifu hayumo katika kundi la Mtume. Fremu iliyochomelewa ndiyo nafaka yetu iliyorowa. Na aibu iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha kitu, hata kama picha ilikuwa nzuri.

Ndugu Waislamu, tukubalieni tuwasimulie jambo tulilolishuhudia. Mzee mmoja katika mji wetu alifariki, akaacha baiskeli na deni la shilingi 60,000. Warithi waliitangaza baiskeli kwa shilingi 300,000. Akaja mchuuzi wa samaki, akatoa 90,000 taslimu. Warithi wakakataa, na sisi tuliokaa barazani siku ile tukawaunga mkono, tukasema baiskeli ya marehemu isitupwe. Masika yakaja, ikanyeshewa uani. Cheni ikashika kutu, tairi zikapasuka. Mwishowe iliuzwa kwa 45,000, na deni halikutimia. Mchuuzi alikwisha kuacha kazi ya samaki, maana kwa miguu hakuwahi soko. Na Mtume wetu ametufundisha kwamba nafsi ya muumini huzuiliwa kwa ajili ya deni lake mpaka lilipwe. Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imetanguliza wasia na deni kabla ya mirathi. Sisi tulitanguliza fahari. Tulichangishana tukalilipa lililobaki, lakini miezi ile ambayo mzee wetu alidaiwa kaburini hatuna njia ya kuirudisha. Kweli walisema wahenga, mtaka yote hukosa yote.

Sasa tazameni mwendo wa waliotutangulia. Sahaba Jarir bin Abdillahi alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, alimwambia mwenyewe kwamba farasi wake anastahili zaidi, akawa anampandishia bei mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alimpa Mtume ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Naye Mtume (S.A.W.), katika safari, alimnunua ngamia wa Jabir bin Abdillahi kwa wakia moja baada ya kupatana, akamruhusu Jabir ampande mpaka Madina, walipofika akamlipa thamani yake, kisha akamrudishia na ngamia. Hawa walikuwa wakiuziana vipando kama tunavyouziana sisi.

Kwa hiyo tunakunasihini haya. Ewe muuzaji, kabla ya kuandika bei, mpelekee baiskeli fundi mwaminifu, akuambie thamani yake ilivyo leo. Uliza watu waliolipa, usiulize wanaotaka kulipwa. Taja aibu zake zote, na picha ionyeshe penye kutu. Usiapie, kwa maana kiapo huuza bidhaa na kufuta baraka. Na umpunguzie mwenye dhiki, kwani Mtume amemwombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake.

Nawe mnunuzi, usidhulumu. Nabii Shuaib aliwakataza watu wake kuvipunja vitu vya watu, na maneno yake yamo katika Sura Hud, aya ya 85. Ukijua kwamba mwenzio anauza kwa sababu ana mgonjwa hospitali, usiifanye shida yake kuwa mtego. Usilipe kabla ya kukiona kitu kwa macho yako, wala usiingilie mauzo ambayo ndugu yako amekwisha kupatana.

Enyi watu wa pwani hii, mababa zetu wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye majina ya masultani wao, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman. Kipande kile cha shaba kilipokewa kwa sababu watu waliaminiana. Tukiipoteza imani hiyo katika vitu vidogo, katika vikubwa hatutaipata. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiitamani haramu. Wabariki wauzaji wetu na wanunuzi wetu, walipie madeni wenye kudaiwa, uwarehemu maiti wetu, na utusamehe yale tuliyoyashauri kwa ujinga. Tunasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu, yenu na Waislamu wote.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.