Kibali Kwanza, Mchanga Baadaye



Hakuna barabara kuu inayojengwa bila mchanga. Zege la madaraja, makalavati na mifereji ya kando, yote huanza na mchanga. Tena mchanga hauagizwi ng'ambo. Huchimbwa jirani na kazi, mara nyingi katika mto unaotegemewa na vijiji. Mwaka 2022 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Mali inayotumika kwa kiasi hicho haiwezi kuhesabiwa kuwa taka za mto.

Sheria ya nchi haina utata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaagiza kwamba, kwa miradi inayostahili, tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharimiwa. Leseni ya kuchimba inayotolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haifuti wajibu huo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira nacho kinakataza, ndani ya meta 60 kutoka mtoni, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira ya mahali hapo.

Makosa huanza pale mkandarasi anapotia saini mkataba, akaleta mitambo, akafungua machimbo, ndipo akamtuma karani mjini kufuatilia cheti. Huko ni kugeuza tathmini kuwa muhuri. Tathmini ni swali linaloulizwa kwa niaba ya umma: je, mchanga uchimbwe hapa, kwa kina gani, na nani ataumia? Swali hilo likiulizwa baada ya shimo kuchimbwa, halina tena wa kulijibu.

Na wako wa kuumia. Mkoani Dodoma, ambako ulianza ujenzi wa barabara ya mzunguko yenye urefu wa kilometa 112.3, mito mingi hukauka kiangazi. Lakini chini ya mchanga wake maji hubaki, na akina mama huchimba visima vifupi humo wakachota. Mchanga ule ndio tangi la kijiji. Ukizolewa wote, mvua ijayo itapita mbio na kuondoka, na mtoto aliyepaswa kuwa darasani atatumwa kutafuta maji mbali zaidi.

Barabara yenyewe nayo haisalimiki. Shimo likichimbwa katika kitanda cha mto, maji huporomokea humo kwa nguvu na kuendelea kumomonyoa kuelekea juu ya mto, mpaka yakafikia nguzo za daraja na kuacha misingi yake wazi. Tarehe 4 Machi 2001, huko Ureno, daraja la Hintze Ribeiro katika mto Douro lilianguka usiku, na watu 59 wakafa. Uchunguzi ulitaja uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi miongoni mwa sababu. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Basi ombi la kibali lililo la kweli huandaliwa tangu barabara ingali kwenye karatasi. Hutaja kila chimbo na mipaka yake, kina cha mwisho cha kuchimba, umbali kutoka madarajani na visimani, njia ya magari, na namna mashimo yatakavyofukiwa yasije yakawa mazalio ya mbu na makaburi ya watoto. Gharama ya kufukia huwekwa ndani ya zabuni. Wananchi husikilizwa katika mkutano halali, na muhtasari wake huandikwa kama walivyosema, wala si kama mkandarasi alivyotaka waseme.

Lakini lawama zisimwangukie mkandarasi peke yake. Mtumishi wa umma anayelikalia jalada miezi bila sababu naye anachimba mto, kwa kuwa ucheleweshaji wake huwaalika watu kuzoa mchanga usiku. Wajibu wake ni kulisoma ombi, kufika kwenye eneo, na kujibu kwa wakati: ndiyo, hapana, au rekebisha. Kibali kikishatolewa, arudi kukagua, kwani masharti yasiyokaguliwa ni maandishi matupu.

Walimu na watendaji wa vijiji wanayo nafasi yao. Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Mwanakijiji aliyefundishwa kuuliza, "Cheti kiko wapi?" kabla lori la kwanza halijapakiwa, anatimiza wajibu huo. Hakatai barabara. Anataka barabara itakayodumu, katika kijiji chenye maji.