Kuthibitisha Asili ya Kahawa kwa Vipimo vya Kikemia: Wajibu wa Sisi Tunaoilima

Mada kwa semina ya wafanyabiashara na wanafunzi wa Afrika Mashariki, Guangzhou



1. Utangulizi

Tangu tarehe 1 Desemba 2024, China imefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi zilizo na uhusiano wa kidiplomasia nayo. Tanzania na Uganda zimo. Kahawa yetu inaposhushwa bandarini hapa Guangzhou, nafuu hiyo hutegemea cheti cha uasili. Lakini cheti ni karatasi tu, na gunia la kilo 60 linaweza kufunguliwa, kuchanganywa na kushonwa upya. Hoja yangu ni kwamba anayelima kahawa ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuipima.

2. Tatizo lenyewe si geni

Wazee wa mpakani mwa Kenya na Uganda wanaikumbuka Chepkube, Bungoma. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ilipaa duniani, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo na kuuzwa kama ya Kenya.

Huko Hawaii, wakulima wa kahawa wa eneo la Kona waliwashtaki wauzaji mwaka 2019 katika mahakama ya Seattle, wakidai kuwa kahawa iliyobandikwa jina lao haikulimwa kwao. Mkemia James Ehleringer wa Chuo Kikuu cha Utah alilinganisha uwiano wa strontiamu na zinki, na wa bariamu na nikeli, katika kahawa hiyo na katika kahawa halisi ya Kona. Alitumia madini kwa sababu kahawa ikikaangwa maji hutoka, lakini madini hubaki. Kesi ilimalizika kwa makubaliano ya malipo ya zaidi ya dola milioni 41.

3. Punje inavyopimwa

Punje husagwa, kisha huyeyushwa katika asidi ya nitriki hadi iwe kimiminika kisicho na chembe. Kimiminika hicho hupulizwa kama ukungu ndani ya gesi yenye joto kali kuliko uso wa jua, kisha mashine hupanga atomu kwa uzito na kuzihesabu.

Strontiamu ina faida ya pekee. Mbuni huifyonza pamoja na kalsiamu ya udongo, na uwiano wa isotopu zake, yaani atomu zake zenye uzito tofauti, haubadiliki sana kutoka mwambani hadi kwenye punje. Miamba ya volkano ya Kilimanjaro ni michanga. Ile ya milima ya Mbinga, kusini mwa Tanzania, ni ya kale mno, na kadiri mwamba unavyozeeka, rubidiamu iliyomo hugeuka strontiamu. Kwa hiyo, arabika mbili zinazofanana machoni zinaweza kutofautiana maabarani. Isotopu za oksijeni nazo hubeba habari za mvua na mwinuko wa shamba.

4. Mipaka ya vipimo

Kemia inatambua udongo, haitambui mpaka wa nchi. Mlima Elgon ni mmoja, uwe upande wa Uganda au wa Kenya. Mbolea na uchanganyaji wa punje navyo hufifisha alama. Zaidi ya yote, mashine haitaji jina la mahali: hulinganisha tu na sampuli halisi zilizohifadhiwa. Pasipo na sampuli za Mbinga, hakuna mashine itakayoweza kusema "hii ni ya Mbinga."

Na uthibitisho huo una thamani, kwa kuwa jina ni mali. Kanuni za biashara nchini Japani huruhusu arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iitwe Kilimanjaro. Mkulima wa Mbinga anauza kahawa yake, jina linabaki la mlima ulio mbali naye.

5. Mapendekezo

Kwanza, taasisi za utafiti, ikiwemo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) pale Lyamungo, zikusanye sampuli za kila wilaya kila msimu, kutoka mashamba yanayojulikana. Pili, nchi zinazopakana zitumie kumbukumbu moja, kwa kuwa udongo hauishii mpakani. Tatu, sisi tulio hapa Guangzhou tuhifadhi sampuli ya kila shehena kabla haijakaangwa, ikiwa na tarehe na jina la chama cha msingi cha ushirika ilikotoka.

6. Hitimisho

Mnunuzi akitilia shaka mzigo, atapima. Nawaomba tuhakikishe kwamba siku hiyo sampuli ya kulinganishia inatoka shambani kwetu na imewekwa na sisi wenyewe.